Dawa Yenye Iko na Sura ya Mama

Beni, ku Bungulu, mwezi wa saba

Kwako mudogo yangu Paulin,

Nakusalimia. Namusalimia bibi yako Bénite, nasalimia na batoto bote, zaidi ule mudogo mwenye alikuwa na kikohozi wakati nilimuona mara ya mwisho. Natumaini kifua yake imefunguka. Shiye huku tuko. Bwana yangu Tshibangu iko ku Kasindi mu kazi yake ya douane, ya forodha, anarudiaka nyumbani siku yenye convoi, musafara ya motokari yenye kulindwa, inatoka. Batoto betu Grady na Sagesse bamemaliza mwaka ya masomo, na miye nimechoka na kusahihisha kazi za batoto ba darasa la pili, lakini kuchoka ile haiumize mutu. Mama yetu iko muzima. Naweka ile neno mbele, usisome barua na moyo yenye kurukaruka. Anakula, analala, na juzi alinikaripia juu ya chumvi mu mboga ya sombe.

Nakuandikia juu simu yako unaikata. Kila mara nikitaja hospitali unasema réseau ni mubaya, kisha nasikia paka kimya tu. Zacharie mwenye anaendesha taxi ya Butembo atakupa hii barua mukononi, na nimemuomba angoje mupaka aone umeifungua.

Unakumbuka Mama alifika kwetu mbele ya Noeli. Batu bote ba parcelle, ba mu lupango yetu, balitoka kumuona. Balikuwa banamukumbuka vile alikuwaka: mwembamba, bidole bimevimba ku maungo sawa tangawizi, asubui hawezi kufunga kikwembe yake, hawezi kushika kijiko mupaka jua ipande. Sasa baliona mama mwenye kunona, mashavu ya mviringo yenye kungaa, anashuka mu motokari bila kushikwa. Jirani yangu alipiga kelele kama Mungu iko anakaa Butembo. Mama akacheka, akatoa chupa mu sakosi yake, akaipandisha juu batu bote baone. Jina ya dawa yako: «Simama Utembee». Na ku étiquette, ile karatasi ya ku chupa, picha yake yeye mwenyewe, mu ile kikwembe ya bluu yenye alivaa ku ndoa ya binamu yetu Lusenge. Batu bakaanza kuuliza bei.

Miye nilifurahi, lakini ile furaha haikushuka mupaka chini. Siku ya pili nilimusaidia kuoga. Paulin, Mama alikaa kwako miaka yote tangu Tata, baba yetu, atutoke. Mugongo yake uliiona hata siku moja? Nyuma ya shingo kulikuwa nundu ya mafuta. Mikono na miguu zimekauka sawa bijiti, na tumbo kubwa katikati, na ku tumbo mistari ya rangi ya mubilingani sawa mutu alimukwaruza na makucha. Ngozi yake ilikuwa nyepesi kuliko ganda ya kitunguu. Nilimushika ku mukono asiteleze, na bidole byangu byote bikabaki pale, alama nyeusi. Nikamuuliza ni nini iko mu ile dawa. Akasema ni majani na mizizi yenye mwana yake anatafutaka mu pori, na akaniomba nisiulize sana, juu wivu ya ndugu njo inaharibishaka biashara.

Mu mwezi wa kwanza kukakuwa ville morte, mugomo wa muji muzima, huku na kwenu. Maduka yamefungwa, barabara imejaa majiwe, hakuna motokari yenye inapita. Chupa ya Mama ilimalizika katikati ya zile siku. Nilimuona anakwangua chini na kijiko, anaweka maji ndani, anatikisa, anakunywa ile maji chafu. Kisha hata ile haikukuwa tena. Alianza kusema kama anasikia baridi. Alitapika kila kitu. Maungo yakawaka tena, mubaya kuliko zamani, na asubui moja nilimukuta chini, pembeni ya kitanda, macho wazi, hajui jina yangu. Tshibangu alimubeba ku mugongo mupaka ku hospitali, juu hata moto, zile pikipiki, hazikukuwa zinatembea. Ku kila barrière ya barabara, bijana benye balikuwa banawasha mapira ya motokari baliangalia sura ya Mama, bakatufungulia njia.

Ku hospitali tulipokelewa na Docteur Kapinga. Ni mama mumoja wa Kasai mwenye Serikali ilituma huku, mutu wa sauti ya chini, na bugonjwa ya maungo njo kazi yake. Hakuuliza mingi. Alifungua kola ya Mama, akaona nundu. Akapandisha shimizi, akaona ile mistari. Kisha akaniuliza, bila kasirani: «Huyu mama anakunywaka dexa tangu wakati gani?»

Nikamuitikia kama Mama hajakunywa dexa hata siku moja, anakunywaka paka majani ya mudogo yangu. Docteur akasema, kwa miaka yake yote ya kazi, bado hajaona jani yenye inachoraka mutu mistari ya namna ile. Bakamuwekea sérum, maji ya mu mushipa, bakachoma sindano, na mbele ya magaribi Mama akaita jina yangu.

Weye unajua dexa, ile dexaméthasone ya pharmacie, kuliko miye. Ulisoma ITM, masomo ya buuguzi, mupaka mwaka ya tatu. Ni weye ulitufundisha, ku meza ya Mama, kama basichana benye banameza zile vidonge, zile comprimé, juu banone banacheza na kifo. Njo maana siwezi kusema hukujua. Ningependa sana kusema vile. Ingekuwa mwepesi kwangu kuwa na mudogo mujinga.

Sasa nitakuelezea kitu yenye Mama hataki nikuelezee. Chini ya tumbo, pahali ngozi inakunjamana, alikuwa na kidonda yenye hakutuonesha. Ilikuwa imeingia ndani, pana sawa sahani ya kikombe, na ilikuwa inatoa usaha ya kijani. Mu kinywa yake, ulimi na shavu za ndani zilikuwa nyeupe, sawa mutu alipaka chokaa. Bauguzi ni kidogo, bagonjwa ni mingi, basi ni miye nilimuosha kila siku. Siku ya kwanza nilifungua ile kitambaa, harufu ikanipiga, nikatoka inje, nikatapika nyuma ya choo, nikanawa, nikarudia. Mama aliangalia ku ukuta. Aliniambia pole. Yeye njo aliniambia miye pole, Paulin.

Na siku ile ile, njia ilipofunguka, ukatuma chupa mbili na mutu wa pikipiki, na sauti ku WhatsApp. Bado niko nayo. Unacheka ndani yake. Unasema nimuambie Mama aongeze kijiko, asubui na magaribi, atasimama tu. Nilikuwa na usaha ya Mama ku mukono wakati nilikuwa nasikiliza ile kicheko.

Docteur Kapinga alinielezea bugonjwa yenyewe, na nakuandikia vile nilisikia, juu utaihitaji. Alianza kusema kama mwili iko na basoda bake, askari ba kuilinda. Nikamukata. Nikamuambia hapa Beni hakuna mutu anataka kusikia tena habari ya basoda, hata ba mu damu. Akatabasamu, akasema bon, tuseme imbwa. Kila mwili inafuga imbwa zake mu damu, za kufukuza wezi. Kwa Mama, imbwa zingine zilipoteza harufu ya batu ba nyumba, zikaanza kuuma batoto ba nyumba: maungo ya bidole, ya magoti, ya mabega. Hakuna mutu mwenye alimutumia ile bugonjwa. Si sumu, si baridi ya maji, si jirani. Dexa inakamata fimbo na kupiga imbwa zote pamoja mupaka zinalala. Maumivu inaisha, ni kweli, mutu anasimama. Lakini mwizi akiingia, hakuna yenye itabweka. Njo vile kidonda ya Mama ilioza na yeye anaendelea kucheka na wageni.

Akasema siku hizi kuko dawa yenye haipigi zote. Inaingia mu mushipa pole pole, inatafuta paka aina moja ya zile chembe nyeupe za damu, zenye zinachocheaka zingine kuuma, inaondoa hizo, inaacha zingine. Haiko muujiza. Haing'oe bugonjwa na mizizi, na si kila mutu anaipata wala si kila mutu inamufaa. Lakini kwa Mama angejaribu, juu comprimé za kawaida zenye banaanza nazo zilikuwa zimeshindwa zamani, mbele ya weye kuanza na chupa zako.

Lakini alisema si leo. Kwanza kidonda ifungike, kwanza bapime kifua, bapime ini, juu dawa yenye inaondoa walinzi fulani hauwezi kuipa mutu mwenye mwizi iko tayari mu nyumba. Na jambo lingine lilinishangaza: yeye mwenyewe alianza kumupa Mama cortisone, ndugu ya ile dexa. Nilimuuliza na kasirani kama anataka kumurudishia ile sumu. Akanikalisha chini. Akasema kila mwili inajitengenezeaka kadogo ya ile kitu, kila asubui, mu tezi mbili zenye ziko juu ya figo. Ukimupa mutu mingi kutoka inje, muda murefu, zile tezi zinalala. Ukikata mara moja, mutu anabaki na bure, anaanguka, anaweza kufa. Njo kitu ilimupata Mama mu ville morte. Inaomba kupunguza kidogo kidogo, juma kwa juma, mupaka mwili ikumbuke kazi yake. Shika hii neno vizuri, Paulin, nitaifikia tena.

Mu mwezi wa pili nilikuja Butembo. Hukujua. Nilitaka kukuangalia mu macho, lakini ulikuwa umeenda Kasindi. Tshibangu alishakuonaka kule na makarton, ukamuambia shemeji yako kama ni biskwiti ya duka, na yeye akakuamini juu anakupenda. Bénite alinipokea muzuri. Usimukaripie, hakunificha kitu juu hukumuambia afiche. Alinipeleka nyuma kwa kuwa alikuwa hawezi kuacha kazi.

Ile chumba, Paulin. Nilifundishaka batoto ba maskini, nilikaa mu kambi ya bakimbizi na choo yake, lakini ile chumba inanifuata mupaka leo. Bunga ya muhogo mu beseni, na mainzi juu yake. Makaa yenye kusagwa, ya kuleta ile rangi nyeusi yenye batu banasema ni mizizi. Majani makavu ya mupapai, kiganja moja, ya kudanganya pua. Ile mashini yenye munasagaka nayo samaki kavu za kuuzisha, haijaoshwa, inanuka samaki. Kuku wawili banatembea juu ya meza. Na mikebe ya comprimé, nyeupe, tupu, zimepangwa vizuri ku ukuta. Batoto bako balikuwa banazichezea ngoma. Bénite alikuwa anatwanga na mutoto ku mugongo, kitambaa ku pua yake yeye, na pua ya mutoto iko wazi. Nikamuuliza kama anajua anatwanga nini. Akasema ulimuambia ni vitamini.

Juu ya dirisha kulikuwa étiquette zenye hazijabandikwa bado, bunda nzima. Mama, Mama, Mama, Mama. Anacheka, mashavu yanangaa. Nilikuwa nimeacha ile sura ku hospitali, na ulimi nyeupe. Nilielewa pale kama ile uvimbe njo ulipiga picha. Bugonjwa yenye dawa yako ilimuletea, njo uliibandika ku chupa sawa ushuhuda ya kupona. Nilitoka mu ile chumba nikatema mate mu mufereji mbele ya batu, miye mwalimu, na sikusikia haya.

Ku mulango kulikuwa batu benye banangojea. Mama mumoja akanishika mikono yote mbili. Alijitambulisha kama ni Débora, anatoaka samaki Kyavinyonge ku ziwa na kuzileta kuuza hapo Vulamba, na magoti yake yalikuwa yamemufunga nyumbani mwaka muzima. Alijua miye ni mwana wa ule mama wa ku chupa, juu tunafanana paji ya uso. Akaniomba nimupelekee Mama aksanti yake. Alikuwa na ile mashavu. Nilimuambia taratibu kama Mama yuko mu kitanda cha hospitali, na kama yeye pia aende kwa munganga, asiache gafula lakini aende. Alicheka mupaka akanipiga ku bega. Akasema: «Mama yenu amepona, sasa munataka shiye bengine tubaki bilema?» Akalipa chupa yake, akaenda na miguu yake yote mbili, anaimba.

Nilirudia Beni bila kukungoja. Bénite alikuwa amepika bugali na samaki. Sikukula.

Kidonda ya Mama ilifungika mbele ya Pasaka. Ile dawa ya mu mushipa ilitoka Kampala kwa njia ya munganga mumoja mwenye alisoma pamoja na Docteur Kapinga. Ule munganga aliweka jina ya Mama kati ya bagonjwa benye banasaidiwa. Ilipaswa kubaki mu baridi njia yote. Tshibangu aliipokea mwenyewe ku barrière ya Kasindi, akaketi na glacière yake, sanduku ya barafu, mu magoti mu convoi, chini ya jua, na kila askari mwenye aliuliza afungue alimuomba ajue kama ni ya mama-mukwe yake. Siku ya kuitia, Mama alilala na mushipa wazi kutoka asubui mupaka magaribi. Katikati alitetemeka, koo ikamuwasha, bakapunguza mwendo, bakaendelea. Kisha ya juma mbili, bakarudilia. Nilifikiri ataamuka kesho yake na kutembea. Hakuna kitu. Mashavu yalianza kushuka, maumivu ikabaki, na Mama akaniambia dawa ya mwana yake ilikuwa na nguvu kuliko hii.

Ni mu mwezi wa tano, asubui, nilimukuta ku jiko anachambua maharagi. Alikuwa anachukua moja moja na bidole, anatupa ile yenye kuoza. Hakuona kama naangalia. Ngumi yake ilikuwa inafunga na kufunguka. Bidole byenye biliishaka kupinda bimebaki bimepinda, Docteur alisema ile hairudi. Lakini moto ulikuwa umetoka ndani yabyo. Leo sura yake ni ndogo, ngozi imelegea, anaonekana mama muzee wa kweli. Batu ba parcelle banamuhurumia kama amekonda. Anatembea mupaka ku soko na kurudia.

Nilimuambia basi, siku ile ya maharagi, mambo yote yenye niliona mu chumba yako. Nilitengeneza maneno tangu mwezi wa pili, juu niliogopa itamuua. Nilipomaliza, akaendelea kuchambua. Kisha akasema: «Nilijua.»

Nakuandikia vile alisema, juu weye huko ulikuwa unafikiri umemudanganya. Alijua tangu mwanzo. Alikuona asubui moja unamwanga comprimé mu kinu, akasikia namna unazitwanga, na ulipomuletea kikombe unasema ni mizizi, akakunywa. Alisema ulikuwa umeshindwa na kahawa, umeshindwa na kazi ya pikipiki, unakaa siku nzima umelala umeangalia ukuta, na ile asubui alikuona unafanya kazi na unapiga mluzi. Alisema hakutaka kukata ile mluzi. Na ulipotaka picha, yeye njo alichagua kikwembe ya bluu. Na mashavu yalipoanza kushuka, yeye mwenyewe aliongeza kijiko, bila weye kumuambia, juu batu bakiona amekonda batakataa kununua kwa mwana yake.

Paulin, nilifikiri niliishafika mwisho ya kuchafukiwa na roho. Ile siku nilichukizwa na weye, na dawa, na ile chupa, na hata na mapendo ya Mama, yenye ilikunywa sumu na kutabasamu mbele ya picha. Nilitoka nikaenda kufundisha, na sikujua nafundisha nini.

Angebaki vile, anakuficha mupaka kaburini. Kitu ilimugeuza ni Débora. Mu mwezi wa sita aliteremuka Kyavinyonge kutafuta samaki, ziwa ikakuwa mubaya, mitumbwi haikutoka, akangoja kule siku mingi kuliko vile alipanga, na chupa yake ikamalizika. Alianza kutapika. Batu ba kule balisema ni malaria, kisha balisema bauza-samaki benzake bamemuloga. Alikufa ku mukeka, njiani ya kumupeleka ku kituo ya afya. Habari ilitufikia kwa Zacharie mwenye alileta mwili. Na ni yeye, si Bénite, alituambia kama ulikuja ku matanga, ukalia na sauti, ukafariji bwana yake, na kama nyuma ya nyumba, kati ya batu benye balikuwa banakunywa chai, ulikuwa unafungua mufuko na kutoa chupa.

Mama alisikia ile yote ameketi. Aliuliza Zacharie kama mufu alikuwa na mashavu. Zacharie akasema ndiyo, makubwa, hata mu sanduku. Mama akainuka, akaenda mu chumba, akafunga mulango. Alipotoka aliniambia niandike.

Sikiliza sasa maneno yake. Tshibangu alitaka kukupeleka ku polisi, na miye nilikuwa naye. Mama amekataa, na safari hii si kwa kukuficha. Anasema ukifungwa leo, ao ukikimbia leo, batu bako bote batabaki na chupa zenye zinamalizika, na kila mumoja ataanguka mu nyumba yake sawa Débora, na hakuna mutu atajua juu ya nini. Docteur Kapinga amesema vile vile. Weye peke yako unabajua: nani iko Vulamba, nani alinunua akaenda Lubero, nani anapeaka mutoto wake. Basi, na inanichoma kuandika hivi, tuko na lazima ya weye. Hapana kukimbia. Hapana kufunga duka gafula. Hapana kuuza hata chupa moja kwa mutu mupya. Benye balishaanza, baite, na simu, na miguu, namna yote, na uwaambie mu kinywa yako weye ni nini ilikuwa ndani. Docteur atafika na bauguzi wawili, atapima kila mutu, atabapa ile yenye banapunguza nayo kidogo kidogo. Bengine habana bugonjwa ya Mama, ni bazee wa kazi ngumu tu, na magoti yao yatapona na mafuta ya kupaka. Yeye njo atajua. Ile mikebe, hapana kuitupa mu mutoni, muwekee Docteur aione.

Mama anakuja siku ya pili ya juma lenye linaanza, na motokari ya Zacharie. Hataketi ndani. Anataka kiti mbele ya mulango ya duka, ku kivuli, pahali kila mutu mwenye anaingia anamuona kwanza yeye, vile alivyo leo, na anaweza kumuuliza. Nilimuambia batu batamutukana, juu yeye njo alicheka nabo ku étiquette. Alisema ni juu ya ile njo anaenda. Kama umekimbia, ataketi vile vile, na atajibu mahali pako.

Shemeji yako Tshibangu hajakutumia salamu; sitasema uongo. Batoto bangu banasalimia batoto bako. Mama anasema umuwekee Bénite maji ya kuchemusha ya kutosha, juu wageni batakuwa mingi, na muoshe ile chumba na sabuni, kuta na chini. Mungu akulinde mupaka siku ya pili, ao angalau akuzuie usiondoke.

Bénite atapika, namujua. Mama atakula. Miye, kukula kwako, bado.

Ni miye yaya yako,

Adèle Kahongya